Kumwona shorobo msituni: yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa

Malalamiko tunayoyapokea mara kwa mara ni ya mgeni aliyelipa kiingilio, akatembea kutwa nzima, akatoka bila kumwona ndege aitwaye shorobo. Siku hizi yanafuatana na mengine mazito zaidi, safari hii kutoka kwa waongoza wageni: watu wanasimama chini ya mti mmoja wakipiga sauti ya ndege kwenye simu bila kukoma, na wengine wanarusha mawe matawini ili ndege aruke wapate picha. Ieleweke kwamba kiingilio ni ada ya kuingia hifadhini. Hakinunui ndege.

Shorobo wa Fischer, ambaye pwani wengi wanamjua kwa jina la kulukulu, anaishi kwenye misitu ya pwani na ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ikiwemo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Watu hudhani kwamba ndege mwenye rangi kali vile hawezi kujificha. Mwili wake ni wa kijani, na kijani hicho ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, yenye madini ya shaba. Akitulia kwenye majani, hata aliyezoea humpita. Wekundu wa mabawa yake, ambao nao una shaba, hufichika anapoyakunja. Ndiyo maana mgeni huona kitu chekundu kikikatiza juu ya njia, akishika darubini hakuna kitu. Ndege hayupo tena alipotua: kidole chake cha nje hugeuka mbele na nyuma, kwa hiyo hukimbia juu ya tawi kama kuchakuro na kutokomea upande wa pili wa mti.

Tangulizeni masikio. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, hurudiwa mfululizo, na mara nyingi mmoja akianza wa mbali humjibu. Kisha tafuteni mkuyu wenye matunda yaliyoiva, mkae mbali kidogo na shina, mnyamaze. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni vipande vya tunda vinavyodondoka, au kitawi kinachotikisika ilhali hakuna upepo. Mkimpata, tazameni kichwa: kishungi chekundu chenye ukingo mwembamba mweupe, mdomo mwekundu. Mwenye kishungi cheusi cha kibuluu na doa jeupe mbele ya jicho ni shorobo wa Hartlaub, wa milima kama Kilimanjaro na Meru. Msituandikie kudai kwamba amehamia Amani kwa sababu ya picha yenye ukungu.

Sauti za simu haziruhusiwi. Ndege anayezisikia hudhani mwenzake ameingia eneo lake, hivyo huacha kula na kulinda kiota ili aje kupambana na simu yako.

Kuhusu malipo: utapewa kumbukumbu namba ya malipo, utalipa kwa benki au kwa simu, na stakabadhi utaibeba muda wote uwapo hifadhini, kwa kuwa askari wa doria anaweza kuitaka popote. Usimkabidhi mtu fedha taslimu, hata kama amevaa sare. Malipo ya utalii hayahusishi utafiti. Anayetaka kutega nyavu, kuvisha ndege pete au kuchukua sampuli anahitaji kibali cha utafiti kinachopitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa wanyamapori TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) huhusishwa. Barua ya chuo peke yake haitoshi, na kuja nayo getini siku ya safari ni kujichosha.

Sasa unyoya. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyara ya Serikali si pembe ya ndovu tu. Unyoya na yai vimo. "Nimeuokota tu" si kibali. Unapoona unyoya mwekundu njiani, piga picha, uache. Ukikutwa nao bila kibali, ofisa wa wanyamapori huandaa hati ya thamani ya nyara, na hati hiyo hutumika mahakamani katika kukokotoa faini. Kosa la kumiliki nyara isivyo halali linaweza pia kufunguliwa kama shauri la uhujumu uchumi, ambalo lina masharti yake ya dhamana. Tunayaeleza haya kwa urefu kwa kuwa wanaonaswa wengi si majangili, ni watu waliotaka kumbukumbu ya kuweka mezani.

Shorobo hai ni jambo jingine. Jamii yake imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mtu akikuletea mmoja kwenye tenga kando ya barabara, usimnunue hata kwa nia ya kumwachia huru. Ukishalipa, wewe ndiye unayemmiliki, na muuzaji kesho atarudi msituni kutega mwingine. Kumbuka mahali na saa, kisha toa taarifa ofisi ya misitu au ya wanyamapori iliyo karibu, au kituo cha polisi.