Kuchagua raiza ya upinde mtupu: anza na uzito

Watu wanaohamia kwenye upinde mtupu, yaani upinde usio na kifaa cha kulengea wala fimbo ya kutuliza, huniuliza kwanza kuhusu chapa, ilhali mimi huanza na uzito wa raiza na mahali ulipolala uzito huo. Raiza ni kiunzi cha katikati, kile kinachoshikwa kwa mkono na kubeba mabawa mawili ya upinde. Mpiga rikavu (upinde wenye ncha zilizopinda mbele) wa Olimpiki hutuliza upinde wake kwa fimbo ndefu. Sisi haturuhusiwi, na kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la upigaji mishale, upinde usiotiwa upote, pamoja na vyuma vyake vyote vya uzito, lazima upite ndani ya pete yenye kipenyo cha sentimita 12.2. Kazi yote ya kutuliza hubaki kwa raiza.

Upinde mwepesi ukiachia mshale, bawa la juu humrukia mpigaji. Kwa sababu hiyo napendelea raiza ya alumini kuliko ya kaboni, tena yenye matundu ya hesi sehemu ya chini, ili vyuma vifungwe moja kwa moja chini ya kishikio. Ijaribu hivi: shika bila kukaza vidole, piga mshale, kisha tazama bawa la juu. Likibaki wima au kuinama mbele polepole, uzito umekaa vizuri. Likirudi usoni, ongeza chuma chini, ila usiongeze hadi bega lianze kutetemeka kabla hujamaliza kulenga.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hulitaja mara chache, ni bolti za mabawa, zile zinazoyafunga mabawa kwenye raiza. Wengi wetu hulenga kwa kushusha vidole kwenye upote chini ya mshale: kadiri shabaha inavyokuwa karibu, ndivyo vidole vinavyoshuka zaidi, hivyo katika mita 18 hushuka sana kuliko katika mita 50. Kushuka huko hulielemea bawa la chini, na upinde uliorekebishwa kwa kuvutwa katikati huanza kupiga kelele na kutupa mishale juu au chini. Chagua raiza ambayo bolti zake zinakuruhusu kusawazisha mabawa, au hata kulikaza la juu kidogo kuliko la chini.

Urefu haunisumbui sana. Inchi 25 huwafaa wengi, na mrefu wa kimo anaweza kutazama ya inchi 27. Kishikio ndicho kinachostahili subira, kwa maana kiganja kikikaa tofauti kila mara, mshale nao huenda tofauti. Hakikisha pia kuwa dirisha la raiza, ile nafasi iliyokatwa juu ya kishikio, halina alama yoyote inayoweza kutumika kulengea, kwani mwamuzi ataikataa.

Ukinunua iliyotumika, omba itiwe mabawa na upote, simama nyuma yake, ulinganishe upote na katikati ya mabawa yote mawili. Ukiona umeegemea upande mmoja na marekebisho ya kusogeza mabawa pembeni yamefika mwisho, mrudishie mwenyewe.