Mafuta ya Turkana na mtungi wa plastiki wa Lamu

Hapa Lamu, tangu bandari mpya ianze kupokea meli mwaka 2021, wengi wanaamini kwamba mafuta ghafi ya Turkana yakifika pwani, mitungi, nyavu na kamba za majahazi zitashuka bei, kwa kuwa malighafi ni yetu. Imani hiyo ina msingi: bidhaa hizo kweli hutokana na mafuta au gesi.

Ila kutoka kisimani hadi kwenye mtungi ni mbali. Mafuta ghafi husafishwa kupata nafta, kimiminika chepesi kinachofanana na petroli. Nafta huchanganywa na mvuke na kupashwa moto wa nyuzi zaidi ya 800 za Selsiasi, ikavunjika kuwa ethilini na propilini. Gesi hizo ndizo huunganishwa ziwe chembechembe za plastiki, ndogo kama dengu. Mitambo yake hugharimu mabilioni ya dola, ndiyo maana nchi huingia ubia: huyu ana malighafi, yule ana teknolojia na soko. Japani na Korea Kusini karibu hazina mafuta, lakini huuza plastiki kwa wingi. Kenya iliacha kusafisha mafuta Mombasa mwaka 2013, na viwanda vyetu huagiza chembechembe kutoka nje.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Katika takwimu za forodha, bidhaa hupangwa kwa sura zenye namba: sura ya 27 ni mafuta, ya 39 ni plastiki. Tazama kinachoingia na kinakotoka. Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya mtungi, tuseme 2, hueleza aina ya plastiki tu, haisemi mafuta yalichimbwa wapi.