Je, wajua kwa nini mwanafalsafa mmoja aliacha alama shuleni, shambani na hospitalini?

Mwaka 1884, mjini Vienna, familia ya mfanyabiashara mmoja wa pamba ilimwajiri kijana wa miaka 23 awafundishe nyumbani watoto wao wanne wa kiume. Watatu hawakuwa na tatizo lolote. Wa nne, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, alikuwa na ugonjwa wa maji kichwani, ule ambao kwetu wengi huuita kichwa kikubwa, na jamaa zake walikuwa na shaka kubwa kama angeweza kusomeshwa kabisa, kwani kusoma, kuandika na kuhesabu alikujua kwa shida mno, na akitumia akili hata kwa muda mfupi aliumwa kichwa na kuishiwa nguvu. Mwalimu yule kijana aliamua kwamba somo liwe fupi, ila kila dakika yake iwe imepimwa: baadaye aliandika kwamba mara nyingi alijiandaa kwa saa mbili ili afundishe kwa nusu saa tu. Baada ya miaka miwili mtoto yule alikuwa amefidia masomo ya shule ya msingi na akapokelewa katika shule ya sekondari. Alipokua akawa daktari.

Mwalimu huyo ni Rudolf Steiner, aliyezaliwa mwaka 1861 katika kijiji cha Kraljevec, ambacho leo kiko Kroatia, baba yake akiwa mtumishi wa shirika la reli. Alisoma hisabati na sayansi katika chuo cha ufundi cha Vienna, akahariri maandishi ya kisayansi ya mshairi Goethe, akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Rostock mwaka 1891, kisha akajenga mafundisho aliyoyaita anthroposofia, yaani hekima kuhusu binadamu. Leo, karne moja baada ya kifo chake, kuna zaidi ya shule elfu moja zinazofuata njia yake ya kufundisha, zikiwemo za Nairobi na Dar es Salaam. Kuna wakulima katika mabara yote wanaolima kwa utaratibu aliouanzisha. Na kuna hospitali nchini Ujerumani na Uswisi zinazotibu kwa kuongozwa na mawazo yake. Mwalimu, mkulima na daktari ni watu wa kazi tatu zisizofanana. Iliwezekanaje mtu mmoja, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuandika na kuhutubia, awaachie wote watatu kitu wanachokitumia mpaka leo?

Sababu ya kwanza ninayoiona ni rahisi, nayo husahaulika kwa sababu watu hupenda kumweleza Steiner kama nabii aliyeshuka na mpango kamili mkononi. Katika nyanja zote tatu yeye aliulizwa. Waliomwendea walikuwa watu wa kazi, wenye tatizo mahususi, na alipowajibu aliwaachia wao wenyewe waendeleze.

Tuanze na shule. Aprili 1919 Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani, mfalme ameondoka, na njaa imetanda. Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria mjini Stuttgart, alimwalika Steiner azungumze na wafanyakazi wake, na baada ya hapo akamwomba aanzishe shule kwa ajili ya watoto wao. Steiner alikubali kwa masharti: shule ipokee watoto wa tabaka zote, wavulana na wasichana wakae darasa moja, masomo yaendelee kwa miaka kumi na miwili bila kuwachuja watoto mapema, na walimu wenyewe ndio waiendeshe. Katika Ujerumani ya wakati ule, ambako mtoto wa mfanyakazi aliachana na mtoto wa tajiri akiwa bado mdogo na hawakukutana tena, masharti hayo yalikuwa mazito. Baada ya mafunzo ya wiki mbili tu kwa walimu, shule ilifunguliwa tarehe 7 Septemba 1919 ikiwa na wanafunzi 256, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa kiwandani, na jina la kiwanda likawa jina la shule: Waldorf.

Kilichofanyika darasani ndicho kilichodumu. Steiner aliamini kwamba mtoto hukua kwa vipindi vya miaka saba hivi, na kwamba kumfundisha jambo kabla hajalikomalia ni sawa na kufunua udongo kila siku kutazama kama mbegu imeota. Katika miaka ya mwanzo mtoto hujifunza kwa kuiga na kucheza; kuanzia miaka saba hujifunza kwa hadithi, picha na hisia; baada ya kubalehe ndipo hoja kavu hupata mahali pa kukaa. Kwa hiyo hata herufi huzaliwa kutokana na picha. Mfano wake mwenyewe ulikuwa samaki, ambaye kwa Kijerumani huitwa Fisch: mtoto humchora samaki kwanza, na kutokana na mchoro huo mwalimu huiibua herufi F, mapezi yakiwa mistari yake miwili. Mbinu hii haiwezi kuhamishwa kama ilivyo, maana samaki wa Kiswahili hana F, lakini M inachomoza vizuri kabisa kutoka katika vilele viwili vya mlima. Jambo hili dogo linaonyesha kwamba mwalimu hapokei kitabu kilichokwisha kupikwa, bali analazimika kuitafuta picha ndani ya lugha ya watoto alio nao.

Asubuhi huanza na somo kuu la takriban saa mbili, na somo hilo moja hufuatwa kwa wiki tatu au nne kabla ya kupokewa na jingine. Mwalimu mmoja hupanda na darasa lake mwaka hadi mwaka, kwa kawaida kwa miaka minane, hata akamjua mtoto kama jirani anavyomjua. Badala ya vitabu vya kiada, wanafunzi huandika na kuchora vitabu vyao wenyewe. Kusuka sufu, kuchonga mbao na kulima bustani hufundishwa kwa wavulana na wasichana pamoja. Utawala wa Kinazi, ambao haukuweza kuvumilia shule inayomlea mtu kufikiri kwa hiari yake, uliifunga shule ya Stuttgart mwaka 1938. Vita vilipokwisha ilifunguliwa tena.

Upande wa kilimo, waliouliza walikuwa wakulima wenye wasiwasi. Mbolea za chumvichumvi zilikuwa zimeanza kuenea, na baadhi yao waliona kwamba mbegu zinapoteza nguvu na mifugo inaugua kuliko zamani. Mwezi Juni 1924, Steiner alitoa mihadhara minane katika mashamba ya Bwana Carl von Keyserlingk huko Koberwitz, ambako leo ni Poland, mbele ya watu zaidi ya mia moja. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba shamba ni kiumbe hai kimoja: udongo, mimea, ng'ombe na mkulima ni viungo vya mwili mmoja, na shamba lenye afya hujitosheleza, likipata mbolea yake kutoka kwa mifugo yake na malisho ya mifugo kutoka katika ardhi yake. Mkulima wa kwetu anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na kubeba samadi hadi kwenye migomba hataona ugeni mkubwa katika wazo hilo.

Ugeni uko katika dawa za shamba alizoelekeza. Iliyo maarufu kuliko zote hutengenezwa kwa kushindilia kinyesi kibichi cha ng'ombe ndani ya pembe ya ng'ombe jike na kuizika majira ya baridi yote. Ikifukuliwa, kile kinyesi huwa kimegeuka kuwa kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni. Kiasi kidogo, kama cha kujaza kiganja, hutiwa katika maji na kukorogwa kwa saa nzima: mkorogaji huzungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha hugeuza ghafla upande wa pili, maji yakavurugika na kuunda shimo jipya. Mchanganyiko huo hunyunyizwa shambani jioni. Nyingine hutengenezwa kwa mimea kama kamomili, thabai na gome la mwaloni, na hutiwa katika mboji.

Je, inafanya kazi? Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Katika jaribio la muda mrefu lililoanza mwaka 1978 huko Therwil, Uswisi, mashamba ya biodainamiki, yaani ya utaratibu huu wa Steiner, na ya kilimo hai yalilinganishwa na ya kawaida. Matokeo ya miaka 21, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba mavuno katika kilimo hai na biodainamiki yalipungua kwa asilimia 20, lakini mbolea na nishati iliyotumika ilipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na viuatilifu kwa asilimia 97, huku udongo ukiwa na uhai zaidi. Hiyo ni faida ya samadi, mboji na mzunguko wa mazao. Kwamba pembe yenyewe inaongeza kitu, au kwamba nyota zina mkono katika jambo hilo kama alivyofundisha Steiner, sayansi haijathibitisha. Hata hivyo, nembo ya Demeter, inayowekwa kwenye mazao ya biodainamiki na iliyoanza mwaka 1928, ilikuwa miongoni mwa nembo za mwanzo kabisa duniani za kumhakikishia mlaji namna chakula chake kilivyolimwa, na wazo la shamba kama kiumbe ni mojawapo ya mizizi ya kilimo hai tunachokijua leo.

Katika tiba, aliyeuliza alikuwa Ita Wegman, daktari Mholanzi aliyezaliwa Java na kusomea udaktari Zurich, ambaye mwaka 1921 alifungua kliniki huko Arlesheim, karibu na Basel. Wawili hao waliandika kitabu pamoja na kusisitiza kwamba hawapingi tiba ya kisayansi, bali wanataka kuipanua, na kwamba mganga wa njia hii lazima kwanza awe daktari aliyehitimu. Katika hospitali za aina hii mgonjwa hupewa dawa za kawaida na upasuaji, lakini pia huchora, huimba, hukandwa mwili na kufanyishwa miondoko maalumu. Lakini dawa zao nyingi huzimuliwa mno, kama za homeopathi, na ushahidi wake ni dhaifu; sindano za kirukia wa Ulaya, mmea unaoota juu ya miti mingine, kwa wagonjwa wa saratani, ingawa hutumika sana Ujerumani, hazijathibitishwa kwamba zinaponya. La hatari zaidi, katika baadhi ya jamii zinazofuata mafundisho haya wazazi wengi wamekwepa chanjo, na surua imezuka katika shule zao kadhaa za Ulaya. Mtoto akiugua surua kwa sababu ya imani ya mzazi, jina kubwa la mwanafalsafa haliwezi kuwa udhuru.

Kuna jambo jingine ambalo Mwafrika hawezi kulipita. Katika baadhi ya mihadhara yake Steiner alizipanga mbari za watu kwa ngazi, na maneno aliyosema juu ya watu weusi yanaumiza kuyasoma. Mwaka 2007 umoja wa shule za Waldorf nchini Ujerumani ulitoa tamko rasmi la kupinga ubaguzi na kukiri kwamba baadhi ya kauli zake zina ubaguzi ndani yake. Naona ni haki kwamba walimu wa Nairobi na Dar es Salaam wachukue somo kuu, hadithi na kazi za mikono, na maneno hayo wayakatae waziwazi.

Kiungo kati ya darasa, shamba na wodi kinaonekana vizuri zaidi mahali ambapo vitatu vyote hukutana. Mwaka huohuo wa 1924 vijana watatu waliokuwa wakiwahudumia watoto wenye ulemavu walimwomba Steiner ushauri, naye akawapa mfululizo wa mihadhara. Daktari Karl König, aliyekimbia Vienna baada ya Wanazi kuitwaa Austria, aliyabeba mawazo hayo hadi Scotland, na mwaka 1940 yeye na wenzake wakahamia katika nyumba iitwayo Camphill, karibu na Aberdeen. Hapo watoto wenye ulemavu na walezi wao waliishi nyumba moja, wakila meza moja, wakisoma, wakilima na kutibiwa mahali pamoja. Leo kuna jumuiya za Camphill katika nchi nyingi, Botswana na Afrika Kusini zikiwemo. Ratiba yao ya siku, yenye somo, jembe na dawa ndani yake, inatokana na miaka ile ya Vienna, wakati mwalimu kijana alipojiandaa kwa saa mbili kwa ajili ya nusu saa ya mtoto mmoja.