Dawa bure, sawa. Nauli je?

Juzi kikaoni nimesikia tena wakisemwa wagonjwa walioacha kuja kuchukua dawa: "hao watoro wa TB wenye VVU ni wakaidi tu, RHZE za TB bure, ARV bure, wanataka tuwamezeshe na maji?" Watu wakacheka. Mi nikanyamaza maana chapati zilikuwa zimeshafika, lakini imenikaa kooni mpaka leo.

Kilicho bure ni kidonge. Chukua mwanaapolo mmoja, mchimbaji wa tanzanite wa Mererani, niliyemhudumia: vumbi la mgodi kifuani, CD4 (seli za kinga) ziko chini, geto wanalala sita na dirisha limezibwa na gunia. Kituo cha karibu hataki kwasababu benchi la CTC (kliniki ya wenye VVU) linatazamana na geti na shemeji yake anauza maandazi palepale, kwahiyo anapanda gari mpaka mjini. Makohozi hayakuonyesha kitu (CD4 zikishuka sana ni kawaida, msishangae), akaambiwa akapige picha ya kifua, ya kulipia, arudi kesho. WHO wanasema gharama za TB zikila zaidi ya 20% ya kipato cha mwaka cha kaya hilo ni janga. Asilimia 20 ya nini jamani? Mtu analishwa ugali tu mpaka siku jiwe litoke.

Halafu kuna hii ya njaa, hapa ndo huwa nagombana na watu. Mgonjwa akisema "dawa zinaniletea njaa" anaandikiwa maudhi madogo madogo, kwisha. Huyo anapona! TB ilikuwa imemkata hamu ya kula, sasa mwili unadai deni lake na jikoni hamna kitu, basi anaruka dozi apate usingizi. Ndo utasikia mtu ananikumbusha eti rifampisini inafyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Ipo tupu ya kabla ya chai, na ipo tupu ya tangu jana.

Nimpe dawa za mwezi mzima kumwokolea nauli? Natamani, ila ARV tunamwanzishia ndani ya wiki 2 na kipindi hichohicho IRIS (kinga ikiamka ghafla, ugonjwa unaonekana kuzidi) inaweza kumlipukia, nataka nimwone kwa macho. Kila nikiamua huku, moyo unabaki kule.

Huyu wangu nilimwandika "mtoro" kwa mkono wangu mwenyewe. Alirudi baada ya wiki 7, vidonge kavifunga kwenye soksi. Kopo la ARV linalia kwenye begi, anasema, na pale geto ule mlio wanaujua.