Wanawake walioipa katalogi akili

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ukapita Kavumu, unafika Lwiro, kwenye kituo cha utafiti cha CRSN. Taasisi yenyewe ilizaliwa mwaka 1947, wakati wa Wabelgiji, ikiitwa IRSAC. Huko kuna maktaba ya zamani, na kuna mkusanyiko wa wanyama waliohifadhiwa. Nyoka aliye ndani ya chupa bila lebo ya kusema alikamatwa wapi, lini na na nani, hana faida kwa mtafiti. Mwenye lebo ni ushahidi, hata baada ya miaka 60.

Suzanne Briet, mkutubi wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, alilieleza jambo hilo mwaka 1951 kwa mfano wa swala wa Afrika. Akikimbia mbugani, ni swala tu. Akishakamatwa, akapewa jina, akaingizwa kwenye orodha na kuandikiwa makala, amekuwa hati kama kitabu kilivyo hati. Mimi kazi yangu ni kuorodhesha vitabu, na naamini Briet alikuwa na haki: kuorodhesha ni sehemu ya sayansi yenyewe. Wasichana wanaosomea ukutubi hapa kwetu huambiwa wamechagua kazi ya kukaa na kuchunga ufunguo. Inaniuma, kwa sababu katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, tunayoitumia leo imejengwa kwa akili za wanawake.

Henriette Avram hakusomea ukutubi; alikuwa mtaalamu wa programu. Katika miaka ya 1960 Maktaba ya Bunge la Marekani ilimpa kazi ya kuifanya kompyuta isome fishi za katalogi, yaani kadi zenye maelezo ya kila kitabu. Mtu akitazama fishi anajua mara moja lipi ni jina la mwandishi na lipi ni jina la kitabu. Mashine haijui. Avram akazichambua fishi hizo kipande kwa kipande, na kila kipande kikapewa nambari yake: mwandishi 100, jina la kitabu 245, mada 650. Mfumo huo ndio MARC. Mwaka 1969 rekodi zake zilianza kusambazwa kwa maktaba nyingine kwenye kanda za sumaku, na tangu hapo kitabu kilichokwisha kuorodheshwa mahali pamoja hakina haja ya kuorodheshwa upya kila mahali. Sisi tuliolelewa katika desturi ya Kifaransa tunaijua zaidi UNIMARC, ndugu yake MARC, ambamo jina la kitabu liko 200 na mwandishi 700. Nambari ni nyingine, wazo ni lile lile. Kwa maktaba yenye mfanyakazi mmoja na umeme wa kubahatisha, kuchukua rekodi iliyo tayari badala ya kuiandika yote ni msaada mkubwa sana.

Karen Spärck Jones, wa Cambridge, Uingereza, alishughulikia upande wa pili: msomaji akishaandika maneno yake, lipi lina uzito? Jibu lake la mwaka 1972 ni kwamba neno linalopatikana katika hati nyingi lipunguziwe uzito, na lile la nadra liongezewe. Fikiria kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi wetu. Tuseme ziko 1,000; kati yake 900 zina neno "Kivu" na 10 tu zina "mnyauko". Anakuja kijana: "Mama, jambo. Natafuta mnyauko wa migomba Kivu." Gawanya 1,000 kwa 900, unapata 1.1, gawanya 1,000 kwa 10, unapata 100. Ukichukua logi (logarithmu) ya msingi 10, "Kivu" inabaki na karibu 0.05, "mnyauko" inapata 2. Basi zile kazi 10 zinapanda juu ya orodha, na kijana anaenda na alichokitaka. Hesabu ya namna hiyo ingali inatumika ndani ya mitambo ya kutafuta. Cambridge ilimpa uprofesa mwaka 1999 tu, miaka 27 baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba mambo ya kompyuta ni makubwa mno kuachiwa wanaume.

Dorothy Porter alikabidhiwa mkusanyiko wa vitabu juu ya watu Weusi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1930. Maktaba nyingi zilizofuata Dewey, mpango wa kupanga vitabu kwa nambari za mada, ziliwaweka waandishi Weusi chini ya 325, uhamiaji na ukoloni, au 326, utumwa. Hata mashairi ya James Weldon Johnson, mshairi Mweusi wa Marekani, yaliwekwa 325! Porter alikataa. Akavipanga vitabu kwa kile kilichomo ndani: ushairi kwa ushairi, tiba kwa tiba.

Tatizo hilo tunalo hata leo. Katika maktaba moja ya hapa mjini nimeona kitabu cha kilimo cha mihogo kimewekwa 967.51, historia ya Kongo, kwa kuwa tu kinahusu Kabare. Mahali pake ni 633.682, pamoja na mihogo ya dunia nzima. Mwanafunzi wa agronomia anayetafuta kwenye rafu ya 633 hatajua kwamba hata mwalimu wake ameandika juu ya mihogo. Mimi nimeanza kurekebisha vya kilimo, kisha nitaingia kwenye tiba, 610. Nanyi dada na kaka wa Goma, tafadhali tazameni rafu zenu: kama kazi juu ya volkeno ya Nyiragongo zimelala kwenye historia, zihamishieni 551.21, mahali pa volkeno.