Kuchemka rohoni si kelele za spika

Husikika sana, hata hapa Unguja: Mkristo mwenye ari ni yule anayekesha akipaza sauti, na aliye mpole imani yake imepoa. Sivyo. Katika Warumi 12:11 Paulo anataka waumini wawe na juhudi rohoni, na neno lake la Kigiriki lina maana ya kuchemka. Lakini funua chungu uone kilichomo: mistari inayofuata inataja subira katika dhiki, kudumu katika sala, kuwasaidia wenye shida, kukaribisha wageni, kuwabariki wanaotuudhi. Kelele haimo.

Mkunazini, mtaa wa hapa Unguja, tunao mfano. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka uleule msingi wa kanisa kuu la Anglikana ukawekwa palepale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alitumia miaka mingi kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Kazi ya mezani hiyo, ya kukuna kichwa. Nani angeiita ari?

Na Mkristo anayemfuturisha jirani yake Mwislamu mwezi wa Ramadhani, kisha akadamka kwenda misa ya alfajiri, hajapoa hata kidogo.