Chernivtsi: mkoa mdogo uliopitiwa na mipaka

Mtu aliyezaliwa mjini Chernivtsi mwaka 1910 na kufariki hapo hapo mwaka 1995 aliishi katika nchi nne bila kufunga mzigo hata siku moja: Austria-Hungaria, Romania, Muungano wa Sovieti, kisha Ukraine. Jina la mji nalo lilibadilika kila alipokuja mtawala mpya. Wajerumani waliuita Czernowitz, Waromania Cernăuți, Warusi Chernovtsy.

Mkoa wenyewe, ulio kusini-magharibi mwa Ukraine ukipakana na Romania na Moldova, una kilomita za mraba 8,100 hivi. Hakuna mkoa mdogo kuliko huo nchini humo. Wasovieti waliuunda mwaka 1940 kwa kuunga sehemu ya kaskazini ya eneo la kihistoria la Bukovina na kipande cha eneo jirani la Bessarabia. Kwa hiyo msishangae mkikuta vitabu vya utalii vinauita mkoa mzima Bukovina. Ni mazoea tu, si sahihi. Mji wa Khotyn, kwa mfano, haukuwa Bukovina bali Bessarabia.

Na Khotyn ndiko ningeanzia. Ngome yake ya mawe imesimama ukingoni mwa mto Dniester, na kuta zake ni ndefu kiasi kwamba mtu aliye chini huonekana kama punje. Mwaka 1621 jeshi la Poland na Lithuania pamoja na Wakozaki walilizuia hapo jeshi la Sultani Osman II wa Milki ya Osmani. Ukutani kuna doa kubwa jeusi la unyevu. Wenyeji husimulia kwamba ni machozi ya msichana aliyezibwa humo akiwa hai. Mimi nalisadiki zaidi lile la unyevu, ila hadithi ndiyo wageni wanayoondoka nayo.

Mjini Chernivtsi, jengo lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2011 ni makazi ya zamani ya maaskofu wakuu wa Kiorthodoksi. Msanifu wake alikuwa Mcheki, Josef Hlávka, na ujenzi ulichukua miaka 18, kuanzia 1864 hadi 1882. Inueni macho mtazame paa: vigae vya rangi vimepangwa kwa nakshi, utadhani mtu ameanika mkeka juu ya matofali mekundu. Leo ni chuo kikuu. Wanafunzi hupita na mikoba yao pale palipokuwa pa maaskofu.

Tangu Februari 2022 hakuna ndege za abiria Ukraine. Njia mojawapo ya kuingilia kutoka Romania ni kituo cha mpakani cha Siret, ng'ambo yake Porubne, ambako vita vilipoanza wanafunzi wengi wa Kiafrika walivuka wakikimbia. Anayefikiria safari sasa asome kwanza tahadhari za wizara yake ya mambo ya nje.

Kijijini Krasnoilsk, kwa desturi usiku wa 13 Januari, vijana hujifunga majani makavu mwili mzima wakawa dubu wanene wasioweza hata kupita mlangoni. Huzunguka nyumba hadi nyumba wakisherehekea Malanka, sikukuu ya Kiukraine, na wengi wao lugha ya nyumbani ni Kiromania.